Gonga Nikusikie

Mume wangu alikuwa anatembea juu ya mapaa, na mimi nilikuwa naogopa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu sisi wawili miaka ya sabini, katika shamba moja la mkonge nje ya Voi. Yeye alitembea, mimi nikaogopa. Na nisiseme uongo, mimi niliifanya yangu kwa bidii kuliko alivyoifanya yake.

Mapaa yenyewe yalikuwa ya mabati ya simiti. Si haya mabati ya chuma yanayopiga kelele mvua ikinyesha. Nasema yale mazito ya kijivu, yenye mawimbi, ambayo siku hizi watu huyaita asbesto na kuyakimbia kwa sababu ya vumbi lake. Wakati ule vumbi hatukulijali, tulilipangusa kwa leso tukaendelea. Tulichoogopa ni kuanguka. Maana chuma kikichoka hupinda kwanza, na mbao ikichoka hulia kwanza, lakini bati la simiti likizeeka halikwambii kitu. Linakubeba leo, linakubeba kesho, halafu siku moja halikubebi.

Kambi nzima ilijengwa hivyo enzi za wazungu. Nyumba za wafanyakazi, zahanati, ukumbi wa mikutano na sala, zote juu mabati ya simiti, na kuta nazo vipande vipana vya simiti vilivyopigiliwa kwenye fremu za mbao. Jua la Voi likayapika mapaa kutoka juu, na chumvi ya ardhini ikazila kuta kutoka chini. Basi meneja akampa mume wangu kazi ya kupima ni kipi bado kina nguvu na kipi kimekwisha, nyumba moja baada ya nyingine.

Kuta zilikuwa rahisi. Alichuchumaa, akabonyeza kwa kidole gumba pale chini karibu na sakafu. Kidole kikikataa, ukuta mzima. Kidole kikiingia, umekufa. Ukuta wa jikoni kwangu kiliingia mpaka kucha ikapotea, na mume wangu akacheka! Mimi nilihamisha masufuria yangu yote siku ile ile nikayapeleka upande wa pili, na hayakurudi tena.

Mapaa ndiyo yaliyokuwa balaa. Bati hulipimi ukiwa chini. Lazima upande, uligonge kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Zima hujibu kwa sauti kali, bovu hujibu kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kisha unalikwaruza kwa msumari uone unga unatoka kiasi gani. Na ukiwa huko juu usikanyage bati lenyewe. Kanyaga pale tu ambapo chini yake pana boriti. Fundi huzijua boriti kwa kuangalia vichwa vya bolti, kwa sababu bolti zimefungwa kwenye boriti, zimejipanga mstari. Fuata bolti, utarudi nyumbani.

Sasa watu wa kambi yetu walikuwa na mtindo wao. Kila Disemba, wageni wakianza kuja kutoka milimani na Mombasa, walipaka nyumba chokaa. Kuta, sawa. Lakini wao walipaka mpaka mapaa! Walichanganya chokaa na simiti, wakafunga brashi ya katani kwenye mti mrefu, vijana wakalaza ngazi juu ya paa, kazi ikaanza. Walisema inapunguza joto, na kweli ilipunguza. Lakini hasa ilikuwa maringo. Ukumbi wetu ulionekana unang'aa kutoka barabara kuu, na msafiri wa kwenda Miasenyi alijua pale kuna watu. Mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka, mpaka bolti zote zikazikwa. Paa likawa jeupe, laini, halina alama hata moja. Mpini wa nyundo nao ukadanganywa, maana ulikuwa unagonga ngozi ngumu ya juu, wakati bati la chini limekwisha kuwa kama biskuti iliyolowa chai.

Hapo ndipo mume wangu alipokumbuka kwamba ana mke. Msaidizi wake alikuwa amekwenda kutafuta kazi bandarini, na hakuna aliyeletwa badala yake.

"Mama," akaniambia, "wewe utakaa ndani, mimi juu. Ukiwa ndani boriti unaziona. Chukua mti mrefu, gonga boriti iliyo karibu na mimi. Nitaisikia kwa masikio na kwa nyayo. Nikisikia, nakanyaga. Nisiposikia, sikanyagi."

"Na nikikosea?"

"Utaolewa tena," akasema, akacheka peke yake.

Alikuwa Mkamba wa bara, mwembamba, mwenye mzaha usiokuwa na likizo. Mimi ni Mdawida wa Mghange, juu milimani, na alinitania hadharani, "Huyu amezaliwa kule ambako mbuzi hufungwa kamba wasibingirike, halafu anaogopa ngazi!" Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mti wa mkonge mkononi, lile ua refu likishakauka, jepesi na kavu, na maisha ya mtu yalikuwa kwenye ncha yake.

Nyumba ndogo ndogo tulizimaliza. Yeye alivua viatu, akapanda na ubao wake mmoja mrefu, akawa anaulaza kutoka boriti hadi boriti na kutambaa juu yake. Mimi nilikuwa ndani nimeinua uso, vumbi jeupe likiniingia machoni, nagonga. "Gonga nikusikie!" Nagonga. "Sogea!" Nasogea. Nilijua alipo kwa vumbi lililodondoka. Jasho lilinitoka hata viganjani, mti ukawa unateleza. Kila tukimaliza nyumba moja nilitoka nje nikakaa chini. Yeye angekuja akipiga mluzi, "Mama, chai ipo?"

Kisha ikaja zamu ya ukumbi.

Kipande cha bati kilianguka chenyewe juu ya mabenchi, kwaya ikiwa imetoka nje dakika chache tu kabla. Meneja akaufunga ukumbi, akataka paa lote lipimwe. Mwalimu wa kanisa, mzee mmoja wa Mbololo ambaye aliupenda ukumbi ule kama mtoto wake, alikasirika. Kipande kimoja tu! Paa linang'aa vile! Halafu akasema neno ambalo kambi nzima ilikuwa inaliamini:

"Nyani wanapita pale kila siku. Dume zima, kubwa kama gunia la mahindi, linaruka pale juu na halijatumbukia. Sembuse wewe, fundi, uliyekonda namna hiyo?"

Na ni kweli, nyani walikuwa wanashuka kutoka kilima cha mawe nyuma ya kambi, wanaiba mahindi yaliyoanikwa, wanatorokea mapaani. Kwa watu wetu hicho ndicho kilikuwa kipimo. Nyani amepita, paa ni zima.

Niliangalia urefu wa ule ukumbi. Nyumba zetu, mtu akianguka anavunjika mguu. Ukumbi ulikuwa na kimo cha nyumba moja na nusu, na sakafu ya simiti tupu.

"Baba, usipande," nikamwambia. "Mwambie meneja limekufa, basi. Ulibomoe kutoka chini."

"Nikamwambie nimejuaje?"

"Mwambie mke wako anaogopa."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Akasema tu, "Gonga vizuri," akaingia kwenye ngazi. Kamba ya kujifunga kiunoni alikuwa nayo, lakini aifunge wapi? Aliiacha chini.

Ndani kulikuwa na joto la kuoka mkate. Nilisimama kwenye mabenchi ili mti wangu ufike, nikaruka kutoka benchi hadi benchi nikimfuata. Boriti zilikwenda kwa urefu wa jengo, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, sambamba. Ngo, ngo, ngo. "Hapo?" "Hapo!" Nikasikia ubao unakwaruza, nikasikia pumzi yake. Kisha msumari. Kisha sauti yake, "Hili limekufa." Akasogea. "Na hili." Akasogea. "Mama, haya yote yamekufa."

"Basi rudi!"

"Nifike katikati tu."

Mungu anisamehe, nilimtukana kwa Kidawida, lugha ambayo alijifanya haielewi.

Alikuwa katikati hasa, juu ya boriti ya tatu kutoka ukingoni, niliposikia kishindo. Du! Si cha mtu. Kikafuata kingine. Nyani walikuwa wamefika, na dume lao lilikuwa limeruka kutoka mti wa nyuma likatua juu ya bati. Nikasikia ubao unateleza, unateleza, halafu kimya, halafu pwaa, umeanguka nje. Na papo hapo bati moja likapasuka juu yangu, kipande kikashuka kikavunjikia kwenye benchi nililokuwa nimetoka. Nikapiga yowe ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi.

"Mama!" akaita. "Ubao umekwenda."

"Kaa hapo hapo! Uko juu ya boriti. Usitikisike!"

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "Mama, naogopa."

Jamani. Mtu aliyekuwa anacheka kila siku ameniambia anaogopa. Miaka yote nilikuwa nikiogopa kwa niaba yetu wawili, na nilikuwa nimezoea hivyo. Sasa woga wake uliponifikia nilihisi sakafu ndiyo inayovunjika. Nikainua mti ili nigonge, nimwongoze pole pole juu ya boriti ile ile mpaka ukutani.

Hapo debe la kwanza likalia.

Nani asiyejua? Nyani akionekana, unapiga debe. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote, hata mimi. Wanawake walitoka majikoni na madebe, masufuria, karai, watoto na vifuniko, wote wakakimbilia ukumbini, kwa sababu nyani walikuwa juu ya paa na fundi wa watu yuko huko huko peke yake. Walikuja kumsaidia! Walipiga kama siku ya mwisho. Mwalimu wa kanisa naye akatoka na ngoma ya kwaya. Nikagonga boriti, sikujisikia mwenyewe. Nikapiga kelele, sikujisikia. Niliona vumbi linadondoka pale alipo, kidogo kidogo, nikajua anatetemeka, na nikajua kwamba akisikia mdundo wowote kutoka upande wowote anaweza kudhani ni mimi.

Nikatupa mti nikakimbia nje.

Aliyekuwa mbele ni jirani yangu, mama mmoja mpole tuliyekuwa tukiazimana chumvi. Nikampokonya debe nikalirusha huko. "Nyamazeni! Nyamazeni, mnaniulia mume!" Wengine walidhani nimeingiwa na pepo. Niliwapokonya mmoja mmoja, nikipiga mikono ya watu niliowaheshimu. Mwalimu wa kanisa alikuwa amefumba macho, anapiga tu, mwenyewe ameshapandwa na roho ya vita. Nikaipiga teke ngoma ya kanisa. Ndiyo, kwa mguu wangu huu. Ikabingirika mpaka kwenye michongoma.

Kukawa kimya. Nyani walikuwa wamekwenda zamani.

Na katika kimya kile tukasikia bati linakatika. Sauti ndogo, kavu.

Jinsi nilivyorudi ndani sikumbuki. Nakumbuka nilichokiona. Mguu. Mguu wa mume wangu ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye paa mpaka paja, damu inatiririka mpaka kwenye kisigino na kudondoka sakafuni. Nikaujua ule mguu, kidole chake kikubwa kilichopinda. Pembeni yake mwanga ulikuwa unaingia kwenye nyufa zinazokimbia kila upande. Na boriti ilikuwa mbali naye kiasi cha mkono mmoja. Alikuwa ametoka kwenye boriti!

Nikaburuta meza ya mbele, ile ya kuwekea Biblia, nikaweka benchi juu yake, nikapanda. Mimi, niliyeogopa ngazi. Nikaukamata mguu kwa mikono miwili, nikauweka begani kwangu ili uzito wake usilivute bati. Ulikuwa baridi.

"Nimekushika," nikasema.

Kutoka juu, kupitia lile tundu, akauliza, "Uko hai?"

Nikadhani amepoteza akili. "Wewe ndiye uko angani na unaniuliza kama niko hai? Nyamaza! Boriti iko kushoto kwako. Sikiliza."

Nikagonga kwa ngumi. Ngumi tupu, mpaka ngozi ikatoka. Ngo, ngo. Nikamsikia analaza kifua kuelekea kule, pole pole, vipande vinadondoka kichwani kwangu. Bati lilipasuka tena kidogo, watu mlangoni wakaguna, na mimi nikajikojolea kidogo, niseme tu. Kisha nikasikia mbao inalia. Mwili wake ulikuwa umefika juu ya boriti. "Nasikia," akasema. "Nakusikia." Mguu ukatoka begani kwangu ukapanda, ukaniachia damu shingoni.

Nikashuka nikachukua mti wangu. Nikawaambia wanaume wahamishie ngazi kwenye ukuta wa mwisho wa boriti ile, na nikatembea juu ya mabenchi nikigonga boriti ile ile, hatua kwa hatua, naye juu akijiburuta kwa tumbo akifuata. Hakuna aliyekohoa. Mwalimu wa kanisa alikuwa amevua kofia. Nilipofika ukutani niliendelea kugonga, nikagonga tu, mpaka mtu akaja akanishika mkono akaniambia, "Mama, ameshuka. Yuko chini."

Meneja alikuja na gari lake mbio. Akamkuta fundi ameketi mavumbini, paja limefungwa kwa leso yangu. Akauliza, vipi paa?

"Limepimwa, bwana," mume wangu akasema. "Halina nguvu."

Watu wakacheka, yule meneja pia, kile kicheko cha watu waliotoka mazishini. Baadaye paa lile lilishushwa lote kwa jukwaa la miti, na bati moja lilivunjika vipande viwili mikononi mwa wanaume waliokuwa wamelibeba tu. Nyani walirudi, wakakuta hakuna pa kurukia. Siku hizo ndipo tulipoelewa kwamba dume lile siku zote lilikuwa linatua mahali pamoja, juu ya ukuta, na siku ile lilikosea kwa sababu lilimkuta mtu njiani.

Jioni ile ile nilimwosha jeraha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nilikuwa na hasira sana. Woga ukinitoka mimi hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamkaripia kama mtoto.

"Nilikuacha juu ya boriti! Nilikwambia usitikisike! Mtu mzima, fundi, unaacha boriti unakwenda kukanyaga bati bovu, ulikuwa unakwenda wapi? Ulikuwa unafuata madebe?"

Nikakamua kitambaa, nikaendelea kusema. Mwishowe akanishika mkono, ule uliochubuka kwa kugonga.

"Nilisikia bati linaanguka huko ndani," akasema. "Nikakusikia unapiga yowe. Nikasema, ni hofu tu, atagonga. Kelele zikaja. Kelele zilipokwisha, nikasikiliza. Hugongi. Nikajua limekuangukia. Nilikuwa nakuja, mama. Nilikuwa naitafuta ngazi nije."

Nilikaa na kile kitambaa mkononi mpaka maji yakapoa.

Alipanda mapaa mengine baada ya hapo, maana kazi ni kazi, na mimi niliingia ndani na mti wangu nikaogopa kama kawaida. Lakini sikuacha kugonga tena, hata alipokuwa amesimama. Na mazoea hayo yakaja nyumbani. Tulipohamia Mbololo tukajenga kwa mabati ya chuma, nikiwa jikoni naye yuko uani, nilikuwa nagonga kitu. Mwiko kwenye sufuria, kata kwenye mtungi, chochote. Yeye angesema huko aliko, "Nakusikia." Majirani walisema mke wa yule fundi ana kelele.

Sasa amelala pale chini ya shamba, hatua chache kutoka kwenye migomba. Wajukuu hunilalamikia, bibi, mbona unagonga gonga kila wakati, nani anaitwa? Nawaambia nafukuza nyani. Kweli yenyewe ni kwamba bado naogopa. Nikinyamaza sana, atadhani kuna kitu kimeniangukia, na sitaki aanze kutafuta ngazi.